Mikono Miwili ya Kulia

Ukaidi wa ukoo wetu ungekuwa unauzwa, tungekuwa matajiri. Mama yangu, wa Msimbu, na mdogo wake, aliyeolewa Soga, waliacha kusalimiana kwa sababu ya shanga. Si shamba, si mume, si urithi. Shanga! Nilipowasimulia watu walicheka, na mimi nilicheka nao, mpaka macho ya mama yalipoanza kuingia ukungu. Siku moja nilikuwa nyuma ya jiko nikamsikia akijisemea, akidhani yuko peke yake, "Nitapofuka sijamwona." Hakusema ni nani, wala hakukuwa na haja. Tangu siku ile sikuona tena cha kuchekesha.

Niziseme kwanza shanga zenyewe, maana bila hivyo ugomvi wao utaonekana wa wendawazimu.

Bibi mzaa mama alikuwa na mtindo wake wa kutunga ambao sijauona kwingine. Alitunga uzi kwa rangi tatu, nyekundu, nyeupe, nyeusi, tena nyekundu, nyeupe, nyeusi, mpaka utoshe kuzunguka mkono, kisha akaufunga. Uzi wa pili aliutunga vivyo hivyo, lakini kabla ya kuufunga aliupitisha ndani ya ule wa kwanza. Yakawa maduara mawili yaliyopitana kama mnyororo wa vipingili viwili. Hakuna fundo linaloyashikanisha, na bado huwezi kuyatenganisha mpaka ukate uzi. Unayavaa yote mawili mkono mmoja. Mabinti zake walipokwisha kuvunja ungo wote wawili, bibi alimtungia kila mmoja jozi yake.

Ukizitazama jozi zile hivi hivi utaapa ni sawasawa. Bibi alikuwa amezitofautisha kwa makusudi: moja ya kulia, moja ya kushoto. Kuzijua si kazi. Unailaza jozi kwenye ungo, unatembeza kidole juu ya duara moja kwa kufuata rangi, nyekundu, nyeupe, nyeusi, mpaka ufike mahali duara lako linapanda juu ya mwenzake. Bibi alipaita darajani. Ukiwa pale darajani unatazama chini: yule anayepita chini yako, kwa mwendo wa rangi zake yeye, anaelekea mkono wako upi? Akienda kulia, shanga ni za kulia. Akienda kushoto, ni za kushoto. Uanzie duara lolote, uipindue jozi nzima juu chini, jibu halibadiliki. Mama, kwa kuwa ni mkubwa, alipewa za kulia. Mama mdogo akapewa za kushoto.

"Nyie ni mikono miwili ya mtu mmoja," bibi aliwaambia.

Akaongeza na la kuogofya, maana bibi hakujua kutoa zawadi bila onyo. Mtu akitaka kumkana ndugu yake, alisema, hana haja ya kumtukana. Anafungua uzi wa duara moja tu, analigeuza, analifunga tena. Za kushoto zinakuwa za kulia. Hapo ndugu wawili wanabaki na mikono miwili ya kulia, na mikono miwili ya kulia haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Nadhani bibi alisema vile ili kuwatisha tu. Sijasikia mtu kwetu aliyewahi kulifanya.

Sasa, miaka ya kuhamia vijijini, mama naye alihamishwa kutoka shambani kwake, akapewa kiwanja kwenye kijiji kipya hukohuko Msimbu, kando ya barabara. Fito zikasimama, ikabaki kukandika. Mama mdogo akaja kutoka Soga kumsaidia dada yake. Mume wake alikuwa mtu wa bara, kibarua wa reli, na ndoa ile mama hakuwahi kuipenda, alikuwa akisema, "Huyo ipo siku atampakia mdogo wangu kwenye treni, na hatutamwona tena." Lakini kazi ni kazi. Walikanyaga udongo pamoja, wakakandika, wakataniana, na nyumba ilipokamilika mama mdogo akawahi treni yake ya asubuhi. Mimi nilikuwa chuoni Dar es Salaam. Haya yote nimeyapata kwao.

Haukupita muda mrefu ikaletwa habari kutoka Soga. Mama mdogo alikuwa akimfundisha binti yake mambo ya darajani, na alipotembeza kidole kwenye shanga zake mwenyewe akakuta ni za kulia. Akarudia. Za kulia. Akakumbuka alivyolala Msimbu usingizi wa uchovu, na maneno yote ambayo dada yake aliwahi kuyasema juu ya ndoa yake, akajumlisha. Akatuma mtu: "Mwambieni dada nimeyaona aliyonifanyia. Angenitamkia kwa mdomo wake ingekuwa afadhali."

Mama alipopata ujumbe ule alisimama na mwiko mkononi. "Mimi? Nimgeuze mtoto niliyembeba mgongoni mimi?" Palepale akavua za kwake, hata hakuzitazama, akazifunga kwenye kipande cha kanga na kuzitia sandukuni. Akaapa mbele ya majirani kwamba hazitatoka mle mpaka mdogo wake aje kwa miguu yake kuomba radhi. Na mama mdogo kule Soga akaapa kwamba Msimbu hatii mguu mpaka yeye ndiye aombwe radhi. Haya, bwana! Wakakaa hivyo, mmoja huku, mmoja kule, miaka na miaka. Mchungaji alijaribu, akashindwa. Shangazi zetu walijaribu, wakatukanwa. Mimi nilijiambia, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nikachukua jembe langu, yaani kemia, nikaenda kulima Kibaha, ambako nilipangiwa kufundisha sekondari.

Lakini kemia yenyewe ndiyo iliyonirudisha. Chuoni mwalimu wetu mmoja, mtu mkavu asiyetabasamu hata akilipwa, alikuwa ametueleza kwamba kuna molekuli za duara ambazo wataalamu wameweza kuzipitisha moja ndani ya nyingine. Hakuna bondi kati yake. Zinashikana kwa kuwa zimepitana tu, na huzitenganishi mpaka uvunje moja. Kisha akasema jambo ambalo wenzangu waliliandika kwa kusinzia, na mimi nikajikuta nimekaa wima. Kama atomi katika kila duara zimepangwa kwa mwelekeo, hii kisha hii kisha ile, basi duara moja peke yake halina kulia wala kushoto, maana ukilipindua, mwendo wake unageuka. Yakipitana mawili ndipo kunazaliwa kulia na kushoto, kama kandambili: pindua unavyotaka, ya kushoto haiwi ya kulia. Mimi nikacheka kwa sauti. Akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia bibi yangu anazo hizo. Darasa zima likanicheka mimi, na yeye akaendelea kuandika ubaoni.

Basi Kibaha, Ijumaa moja mchana, nikaamua kuwachangamsha kidato cha sita. Haikuwa kwenye mtaala, lakini walikuwa wamechoka na joto, na mimi nilikuwa nimechoka kuwaona wamechoka. Miaka ile hata shanga dukani hazikuonekana. Nikawaambia wakate vikonyo vya majani ya mpapai, vile vilivyo wazi ndani, vipande vidogo vidogo, wavipake wino mwekundu, chaki na masizi, wavitunge kwenye uzi wa mkonge. Kila dawati litoe jozi ya kulia na jozi ya kushoto. Loo, darasa likawa soko! Mbishi mmoja akashikilia kwamba ataigeuza ya kushoto kuwa ya kulia bila kufungua uzi. Akaipindua, akaikunja, akaivaa, akaivua, mpaka masizi yakamjaa usoni. Wenzake wakamwambia anyooshe mikono akubali yaishe.

Nikapita kukagua. Dawati moja likawa na jozi mbili za kulia. Nikawaambia, "Hapa kuna mtu amefungua uzi akageuza duara moja." Wakaniuliza nimejuaje, labda wamebadilishana tu wao kwa wao. Nikajibu bila kufikiri, kama mwalimu anavyojibu.

"Mngekuwa mmebadilishana ninyi kwa ninyi, bado ningekuta moja ya kulia na moja ya kushoto. Kubadilishana hakuondoi kulia na kushoto. Zikiwa sawa ndipo..."

Nilisimama katikati ya darasa na kipande cha mpapai mkononi, nikawaza sanduku la mama. Mama mdogo alikuta zake ni za kulia, sawa. Lakini hakuna aliyetazama za mama! Zilikuwa zimefungwa kwenye kanga tangu siku ile ya kiapo, na mwenyewe alizivua bila kuzitazama. Zikiwa nazo ni za kulia, basi kweli kuna mtu aligeuza. Zikiwa za kushoto, hakuna uzi uliokatwa na hakuna aliyemkana mtu. Nikawaambia wanafunzi waende wakacheze mpira, nao hawakungoja kuambiwa mara mbili.

Kesho yake nikaenda Soga. Mama mdogo alikuwa anaanua nguo nyuma ya nyumba, na kitu cha kwanza nilichokiona ni shanga. Alikuwa amezivaa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwalimu. Umetumwa?"

"Nani anitume? Mama yangu anaweza kutuma mtu, yule?"

Akatabasamu kwa pembe ya mdomo. Tulipokaa nikamwomba mkono wake, akanipa. Nikatembea na rangi hadi darajani: kulia. Nikaanza na duara la pili: kulia. Hakuwa amesema uongo hata kidogo.

"Kama zinakuuma hivi, mbona unazivaa?" nikamuuliza.

"Nisisahau alichonifanyia," akajibu.

Nikamweleza yote, molekuli na mpapai na sanduku. Alisikiliza akikunja nguo ile ile mara tatu. Nikamwambia aje Msimbu na shanga zake, tuzilaze karibu na za dada yake. Zikiwa zote za kulia, mimi mwana wa mkosaji nitapiga magoti kumwomba radhi mbele ya mama, na maishani sitamsumbua tena.

"Niliapa."

"Na yeye aliapa. Mmeapa nyote, mmeshiba viapo. Mama mdogo, dada yako anapofuka."

Nguo ikamwanguka mapajani. "Anapofuka vipi?"

"Mtu akisimama mlangoni anaona kuna mtu. Uso anauona akiusogelea sana, tena mwangani. Rangi ndizo zinamtoka kwanza."

Aliokota nguo, akaikunja tena, akaingia nayo ndani, akakaa huko mpaka nikaanza kujilaumu. Alipotoka alisema tu kwamba treni ya kwenda Pugu inapita asubuhi.

Ndani ya treni ndipo hofu iliponishika mimi. Niseme ukweli: mama yangu nampenda, lakini namjua. Hasira zake ni za haraka, na ile ndoa ya bara aliichukia. Je, kama kweli siku ile, na udongo mkononi, aliona shanga za mdogo wake akafanya alilofanya? Nitakuwa nimempeleka mama mdogo mpaka mlangoni akauone ushahidi kwa macho yake, na mama yangu ataingia gizani akiwa mkosaji, bila ndugu. Nilimtazama mama mdogo pembeni yangu. Naye alikuwa anazizungusha shanga mkononi, akitazama nje. Kutoka Pugu tulipanda hadi Kisarawe, na Msimbu tukafika jua limeshapanda.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya mlango anamenya kunde kwenye ungo kwa kupapasa. Mama mdogo akapiga hodi. Hodi tu, shikamoo hakuna.

Mikono ya mama ikasimama. Sauti ile angeitambua hata akiwa kaburini. "Karibu," alisema, vile mtu anavyomkaribisha mpita njia. Kisha, "Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kuona sanduku."

"Basi rudi ulikotoka."

"Jamani!" nikapiga kelele, na ninajua si adabu kuwapigia wazazi kelele. "Nimemtoa mtu Soga, nimeacha madaftari ya watoto hayajasahihishwa, mnakuja kunichezea hapa? Amekuja kwa miguu yake. Nusu ya kiapo imetimia. Nipe ufunguo!"

Nilidhani atanichapa kwa ungo. Badala yake akafungua fundo la kanga yake akatoa ufunguo. Nikanyoosha mkono, hakunipa. "Kiapo ni changu, nakifungua mwenyewe," akasema. Akainuka, akaenda akishika ukuta ule ule walioukandika wawili wao, na tukasikia sanduku likilia. Akarudi na kitambaa. Nikamimina kunde kwenye sufuria, nikaupangusa ungo kwa kanga yangu, nikauweka katikati ya mkeka. Mama mdogo akavua zake, akazilaza upande mmoja. Mama akafungua kitambaa, akazilaza zake upande wa pili.

Nikajiweka sawa kutembea na rangi. Mama akanizuia.

"Wewe ni mwanangu, utasema la kunipendeza. Atembee yeye."

"Mimi?" mama mdogo akasema.

"Wewe. Nyekundu na nyeusi kwangu sasa ni kitu kimoja. Ukisema kulia, nitakubali ni kulia."

Mama mdogo akasogea kwenye ungo. Akaweka kidole kwenye shanga za dada yake, akaanza kwa sauti, kama walivyofundishwa utotoni. "Nyekundu, nyeupe, nyeusi. Nyekundu, nyeupe, nyeusi." Akafika darajani. Mama alikuwa ameinamisha sikio kwake. Mama mdogo akaondoa kidole, akaanza upya na lile duara la pili, polepole zaidi.

"Kushoto," alisema. "Dada, hizi ni za kushoto."

"Za kushoto zangu mimi? Haiwezekani. Mimi wa kulia."

"Na zangu ni za kulia," mama mdogo akasema, "na mimi wa kushoto."

Wakageuka kunitazama mimi, wote wawili, kana kwamba mimi ndiye niliyezitunga. Nikawaambia hakuna uzi uliokatwa. Angegeuza mtu yeyote, leo tungekuta jozi mbili za kulia kwenye ungo huu. Ya kulia ipo, ya kushoto ipo. Zimebadilishana wenyewe tu.

Mama akapiga paji la uso. "Bakuli!"

"Bakuli gani?"

"Lile la maua! Tulipokuwa tunakandika, hukumbuki? Tulivua wote, udongo usiingie kwenye uzi, tukatia bakuli moja. Siku ya kuondoka ulikuwa unakimbilia treni, giza halijaisha vizuri. Ulichomoa za juu ukaenda."

"Na wewe ukavaa zilizobaki," mama mdogo akasema. Alikuwa amekaa chini kabisa sasa, miguu ameinyoosha kama msichana. Alizichukua zile za kulia kwenye ungo, akazitazama. "Kwa hiyo hizi ni zako. Miaka yote hii nimekuvaa wewe, nikikununia."

"Na mimi nilikufungia sandukuni," mama akasema. "Nikakuwekea na majani ya mwarobaini, wadudu wasikule."

Hapo wakaangua kicheko, na kicheko kikageuka, wakalia. Na mimi nikalia, sioni aibu kusema. Mama mdogo akajipangusa kwa ncha ya kanga, akaushika mkono wa dada yake amvishe za kwake, kila mtu apate zake. Mama akauvuta mkono.

"Hizo acha kwanza. Sogea huku mwangani."

Mama mdogo akasogea kwa magoti mpaka jua likampiga usoni. Mama akamshika kidevu, akamleta karibu, karibu kabisa, pua kwa pua, akamgeuza taratibu upande mmoja, akamgeuza na wa pili. Alichukua muda wake. Mama mdogo alitulia mikononi mwake, machozi yanamtiririka, na ndipo alipokumbuka kitu alichokuwa amekisahau mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu," mama akasema, bila kuuachia uso. "Umezeeka. Lakini nimewahi."